Usalama wa Chombo Huanzia Gatini

Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi juu ya uthabiti wa vyombo katika upepo na mawimbi



Wakaazi wa Unguja na Pemba hawana njia nyengine kubwa ya kusafirishia watu na mizigo ila bahari. Mchele, saruji, wanafunzi, wagonjwa, hata maiti wanaorejeshwa kwao, wote hupita juu ya maji. Hata hivyo, ni wachache wanaojiuliza kwa nini meli yenye uzito wa mamia ya tani huinama kwa upepo kisha ikainuka, na kwa nini siku nyengine huinama isiinuke tena. Mazungumzo haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa ufupi, kwani kulijua ni sehemu ya kinga.

Chombo kilichomo majini huwa baina ya nguvu mbili. Ya kwanza ni uzito, ambao huvuta chini. Uzito wote wa chombo, shehena na abiria huweza kuhisabiwa kuwa umekusanyika katika nukta moja. Ya pili ni msukumo wa maji, ambao huinua juu, nao una nukta yake katikati ya sehemu iliyozama. Chombo kikitulia, nukta mbili hizo huwa katika mstari mmoja wima. Upepo ukikilaza, ubavu wa chini huzama zaidi, na nukta ya msukumo huhamia upande huo. Hapo maji huusukuma juu ubavu ulioinama, na chombo hurejea kikasimama.

Siri yote imo katika kimo cha nukta ya uzito. Ikiwa chini, nguvu ya kukirejesha chombo huwa kubwa. Kila mzigo unapopandishwa juu, nukta nayo hupanda, na nguvu ile hupungua. Ikipanda kupita kiasi, uzito wenyewe ndio unaokipindua chombo. Manahodha wa majahazi waliyajua haya kwa uzoefu, ndiyo maana jahazi lisilo na shehena lilitiwa farumi ya mawe au mchanga katika ngama kabla ya kutweka tanga.

Wasiojali jambo hili hulipa. Tarehe 10 Agosti, 1628 manowari mpya ya Mfalme wa Sweden, iliyoitwa Vasa, iling'oa nanga bandarini Stockholm kwa safari yake ya kwanza. Ilikuwa nzito mno juu, na farumi yake haikutosha. Kabla ya siku hiyo, watu 30 walikuwa wameamrishwa wakimbie sitahani kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, ili meli ijaribiwe. Baada ya mara tatu jaribio lilisitishwa, kwa khofu kwamba ingepinduka palepale. Juu ya hayo, haikuzuiwa kusafiri. Upepo wa kawaida ukailaza, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga yaliyoachwa wazi, ikazama kabla ya kutimiza kilomita mbili. Hatari ilikuwa imeshaonekana kwa macho. Kilichokosekana ni mtu wa kusema meli isiondoke.

Abiria wengi hudhani kwamba meli inayoyumba polepole ndiyo iliyo salama. Mara nyingi kinyume chake ndicho kweli. Chombo kinachorejea kwa haraka huchosha na hutia kichefuchefu, lakini kina nguvu ya kuinuka. Kinachoinama taratibu, kikakawia upande mmoja kabla ya kurejea, huenda kimepakiwa uzito mwingi juu.

Mawimbi nayo yana hila zake. Kila chombo kina mwendo wake wa kuyumba, mfano wa pembea za Sikukuu ya Idi. Pembea ikisukumwa kila inaporejea, hupanda zaidi ingawa msukumaji ni mtoto mdogo. Vivyo hivyo, mawimbi ya ubavuni yakilingana na mwendo wa chombo, huzidisha kuyumba kwake, hata kama si makubwa sana. Nahodha mjuzi hubadilisha mwelekeo au kasi ili kuuvunja ulinganifu huo.

Hatari nyengine ni maji yaliyoingia na yasiyo na pa kutokea. Aliyewahi kubeba sinia lenye maji anafahamu: likiinama kidogo, maji yote hukimbilia upande huo na kulivuta zaidi. Maji machache yaliyotanda juu ya sitaha pana hufanya hivyo hivyo. Mizigo isiyofungwa, na abiria wanaokimbilia upande mmoja kwa khofu, huleta madhara ya namna hiyo.

Visiwa hivi havihitaji mifano ya mbali. Tarehe 10 Septemba, 2011 MV Spice Islander I ilizama usiku katika mkondo wa Nungwi, ikielekea Pemba na abiria wengi mno kuliko idadi iliyoruhusiwa. Tarehe 18 Julai, 2012, katika msimu wa kusi, MV Skagit ilipinduka karibu na Chumbe kwa upepo na mawimbi makali. Katika Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko MV Nyerere, kilichoruhusiwa abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara na zaidi ya watu 220 wakafariki.

Kwa hivyo inafaa yazingatiwe yafuatayo:

(a) Mtumishi anayehusika na ukaguzi asitie saini kabla ya kuhisabu watu na kuutazama mstari wa ujazo uliochorwa ubavuni mwa meli. Mstari huo usizame.

(b) Shehena nzito iwekwe chini na ifungwe barabara. Milango ya mizigo ifungwe kabla ya chombo kuondoka.

(c) Abiria asipande chombo kilichojaa, wala asimshawishi karani ampe nafasi isiyokuwepo.

(d) Chombo kikilala upande, abiria wabaki mahali pao na wafuate amri ya nahodha.

Upepo na mawimbi hayamo katika uwezo wa mwanaadamu. Kilichomo katika uwezo wake ni kiasi cha mzigo na mahali unapowekwa, na hayo huamuliwa gatini. Anayeachwa nyuma leo kwa sababu chombo kimejaa atasafiri kesho, Inshaallah.