Nani Anaweza Kukaa Nyumbani?

Leo tunarudi Nairobi ya mwaka 2020. Kafyu ya korona ilianza Machi 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku chache baadaye, Aprili 6, serikali ikapiga marufuku kuingia na kutoka jijini, na zuio hilo likadumu hadi Julai. Kwa mama mboga, kafyu ilikuwa pigo, kwani jioni ndiyo biashara yenyewe: watu wakitoka kazini ndipo wanaponunua sukuma wiki na nyanya.

Serikali ilileta nafuu. Aliyelipwa hadi shilingi 24,000 kwa mwezi alisamehewa kodi ya mapato. Jambo jema, lakini kibarua wa mjengo hana hati ya mshahara, na nafuu hiyo haikumfikia. Ndiyo maana swali la kuchagua kati ya kulinda uhai na kulinda uchumi linanisumbua, kwani viwili hivyo havitenganiki. Njaa nayo hudhoofisha mwili, na mgonjwa wa korona hawezi kwenda kibaruani.

Matatu ya abiria 14 iliamriwa kubeba 8. Agizo lilikuwa na maana, kwani virusi huenea upesi panapokuwa na msongamano na hewa isiyopita. Hata hivyo nauli ilipanda, ikamwangukia yule yule mwenye kipato kidogo.

Basi ukisikia tena nchi inafunguliwa baada ya mlipuko wa ugonjwa, uliza: madirisha ya matatu yako wazi? Na anayekohoa akibaki nyumbani, watoto wake watakula nini? Akipewa fedha za chakula, atakaa ndani bila kusukumwa na polisi.