Niliyojifunza Wodini
(Hotuba iliyotolewa siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niwaeleze masomo ya saikolojia ya chuo kikuu. Ya darasani sitayarefusha. Tulikariri kwamba Wilhelm Wundt alifungua maabara yake Leipzig mwaka 1879, tukakesha na hesabu za takwimu (anayekimbia hesabu asidhani amepata maficho huko), tukafanya mitihani. Ninayotaka kuyasema yalitokea likizo ya mwaka wa pili, 1998, nilipopelekwa kwa majuma manane katika hospitali moja ya pwani kwa mafunzo ya kazi.

Nilikuwa na kipimo cha akili kilichotungwa na Folstein na wenzake huko Marekani, kikachapishwa mwaka 1975. Kina alama 30. Apataye 23 au chini ya hapo hushukiwa kuwa akili yake imeanza kupungua. Siku moja akaletwa mzee mvuvi. Tangu afiwe na mkewe alikuwa hasemi sana, wala hali vizuri. Mwanawe alikuwa nje akingoja karatasi ya kuthibitisha kwamba baba hana akili timamu tena, apate kuliuza dau lake.

Nikamwuliza mzee mwaka. Akajibu, "1419." Mwezi? "Mfungo Sita." Tarehe? "Mwezi ishirini." Majira? "Kusi, mwanangu, husikii upepo?" Aliyoipata ni siku tu, Jumatano. Nikampa sentensi asome, akaitazama akanirudishia. Nikamwambia aandike sentensi yoyote; akaandika kwa herufi za Kiarabu, nami nisiyezijua nikaweka sifuri. Katika maneno matatu ya kukumbuka alisahau moja, na mchoro ulimshinda. Nikajumlisha: 22. Nikaandika kwamba akili imepungua. Mimi mtu wa bara, tena mwenye koti jeupe la kuazima, sikuona shaka yoyote.

Muuguzi mkuu wa wodi, mama mzaliwa wa hapo hapo, alisoma karatasi yangu akanyamaza. Kisha akaniuliza kama najua mzee ameandika nini. Sikujua. Akanisomea: "Dau langu haliuzwi."

Tulirudi kwa mzee sote wawili. Tarehe yake ilikuwa sawasawa kwa kalenda ya Kiislamu, hata siku moja hakukosea. Majira aliyajua kuliko mimi. Mama yule alipomwandikia sentensi kwa herufi alizofundishwa chuoni utotoni, aliisoma bila kusita. Safari hii alipata 28. Baada ya hapo mama akavuta kiti, akazungumza naye habari za marehemu mkewe karibu saa nzima, jambo ambalo karatasi yangu haikuwa na nafasi ya kulipa alama. Mzee akalia, kisha akaomba chai. Mwana aliondoka mikono mitupu, tena kwa hasira.

Vijana mtakaochagua somo hili, kabla ya kujaza fomu kiulizeni chuo: mafunzo ya kazi ni majuma mangapi, yanafanyika wapi, na ni nani atakayesoma karatasi zenu kabla hazijatoka nje ya wodi. Mimi sikuuliza, nilimkuta yule mama kwa bahati tu.