Mlevi Tumuulize Alipoumia

Hotuba kwa familia zilizohama makwao na viongozi wao, Kasumbalesa, Haut-Katanga



Nimeombwa kusema juu ya lutuku na bangi. Wengi mnangojea niseme kwamba ulevi ni mbaya. Hilo mnalijua, maana kuna mama hapa aliyeuza sufuria na vitenge kulipa madeni ya mwanawe. Mimi nataka kusema jambo lingine. Nyuma ya chupa mara nyingi yuko mtoto aliyeumia. Mtoto huyo asipotibiwa, mtu mzima ataiacha chupa leo na kuirudia kesho.

Hapa mpakani pombe haiko mbali. Malori yanapanga foleni, madereva wanalala njiani, na penye watu wanaongoja hapakosi muuza pombe. Mwaka 2012 wenzetu wa Zambia walipiga marufuku tujilijili, ile pombe kali ya vifuko vidogo. Walifanya vizuri. Lakini sheria inaondoa kifuko tu. Haiondoi usiku ambao mtu hawezi kulala bila kunywa.

Usiku huo unatoka wapi? Tutazamane. Kati yetu wako waliofukuzwa Likasi na Kolwezi mwaka 1992 na 1993 kwa sababu asili yao ni Kasai, wakalala kwenye stesheni wakingojea gari-moshi. Wako waliokimbia Mitwaba, Pweto na Manono vijiji vilipochomwa moto. Wako waliotoka Kasai katika vita vya Kamwina Nsapu vya 2016 na 2017, vilivyohamisha watu zaidi ya milioni moja. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 pale stesheni ya Likasi mwaka 1992, leo amepita miaka 40. Ni baba wa watoto. Je, kuna aliyewahi kumuuliza aliona nini?

Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, walitangaza uchunguzi wao juu ya watu zaidi ya 9,000. Waliwauliza juu ya utoto wao: kupigwa, kunajisiwa, kumwona mama akipigwa, kuishi na mlevi nyumbani. Waliopata aina 4 au zaidi za mateso hayo walikuwa katika hatari ya ulevi, dawa za kulevya, huzuni kali na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko wale ambao hawakupata hata moja. Na hao walikuwa watu wa mji wenye amani. Sisi tuliokimbia risasi tusishangae.

Mtoto aliyeogopa sana, mwili wake unabaki ukilinda zamu. Tairi ikipasuka barabarani, anaruka. Lutuku inamtuliza saa chache, kisha asubuhi hofu inarudi na nguvu zaidi. Hapo anakunywa tena. Kumwita mjinga au mwenye mapepo hakumsaidii.

Lakini kupona kunawezekana. Junior Nzita Nsuami alichukuliwa kuwa kadogo wa AFDL huko Kivu ya Kaskazini mwaka 1996, akiwa na miaka 12. Alitoka jeshini mwaka 2006. Aliandika kitabu juu ya yaliyompata, akaanzisha shirika la kutetea watoto, na mwaka 2015 alisema mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Maumivu yake aliyapa maneno, na maneno hayo yakawa kazi.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mtu anayekunywa sana kila siku asiache ghafula akiwa peke yake. Katika siku 2 au 3 za mwanzo anaweza kutetemeka, kupata kifafa, kuona visivyokuwepo, hata kufa. Apelekwe kwa mganga wa hospitali. Lubumbashi, yapata kilomita 90 kutoka hapa, kuna kituo cha Dr Joseph Guislain kinachotunza wagonjwa wa akili.

Pili, asikilizwe. Mwaka 1935 huko Akron, Marekani, walevi wawili waligundua kwamba kila mmoja alipozungumza na mwenzake, siku ilipita bila kunywa. Ndipo kikaanza chama cha Alcoholics Anonymous. Hakihitaji pesa za wafadhili. Viti vichache chini ya mwembe, mara moja kwa juma, vinatosha. Linalosemwa pale libaki pale. Asiye tayari kusimulia asilazimishwe, akae tu na wenzake.

Tatu, apewe nafasi. Wasalesiani wa Lubumbashi wanawapokea watoto wa barabarani katika nyumba za Bakanja: mahali pa kulala, chakula, kisha shule au ufundi. Anayeacha pombe naye anahitaji asubuhi yenye kazi. Na akianguka tena, tumpokee tena, maana wengi hupona hatua kwa hatua.

Wamama, nisikilizeni vizuri. Sisemi kwamba aliyeumia ana ruhusa ya kuumiza. Mume akipiga, mke na watoto walindwe kwanza, na chefu aitwe. Mtoto anayeona hayo leo ndiye mlevi wa kesho, tusipokata mnyororo huu.

Na kwenu viongozi: hili ni jambo la amani. Siasa ikichemka, anakuja mtu na kreti ya bia na franka chache, akitafuta vijana wa kupiga majirani wa kabila lingine. Kijana mwenye kidonda kisichotibiwa ananunuliwa kwa bei rahisi. Aliyesikilizwa, na aliyesikia kwamba mtoto wa kabila lile naye alilia usiku uleule, huyo ni vigumu kumnunua.

Juma hili, kila chefu amtafute kijana mmoja ambaye mtaa umemkatia tamaa. Asiende na fimbo wala mahubiri. Aketi naye asubuhi kabla hajanywa, amuulize: mwanangu, ulipatwa na nini? Kisha anyamaze, asikilize.

Amani ikae nyumbani mwenu.