Lupango ni ya nani?



Zamani Wabelgiji walitenga mji wa wazungu na siti yetu, uwanja mtupu katikati. Ni dekreti ya 1953 tu iliyoturuhusu kumiliki kiwanja mjini. Kisha sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema udongo ni mali ya Serikali. Sisi Wakongomani tunapewa konsesio ya daima, na ushuhuda wake ni setifika ya kuandikishwa. Wengi wetu tuna karatasi ya kartié tu, na tumejenga juu yake kwa mishahara ya miaka mingi!

Wakija kupima barabara ndani ya lupango, tuwakumbushe Katiba ya 2006, kifungu cha 34: malipo ya haki hutangulia. Jumapili tulete karatasi zetu, tuzisome pamoja.