Ulinzi, Uongozi na Huduma: Mliyoyasema Tuyafanyie Kazi

(Hotuba ya Katibu wa Chama kwa wanaushirika, Mtinko. Imenakiliwa hapa ubaoni kwa faida ya wasiokuwapo. Anayejua kusoma amsomee jirani yake.)



Tumepita vitongojini kuwasikiliza. Mmesema, tena bila kificho. Maneno yenu ni ya aina tatu: wezi wa mifugo, viongozi, na huduma. Leo tunayarudisha kwenu moja moja.

LA KWANZA: WIZI. Kwetu Singida ng'ombe si pambo la boma. Mtu akiibiwa maksai wake wawili wa plau mvua zikikaribia, ameibiwa na shamba. Hakuna alizeti, hakuna uwele, na watoto hawana sare. Ndiyo maana mnaumia, na mnayo haki ya kuumia.

Mmetuuliza: "Mwizi tukimpeleka polisi, kesho tunamwona gulioni. Si afadhali tummalize wenyewe?" Jamani, hapana. Dhamana ni ya kisheria, na aliyepewa dhamana bado ana kesi. Lakini kesi inakufa kwa sababu zetu pia. Mwenye ng'ombe anapokea fidia kichochoroni, shahidi siku ya mahakama anasema ana palizi. Mahakama haifungi mtu kwa kilio, inafunga kwa ushahidi.

Tukumbuke tulikotoka. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, bunduki zilizagaa na ujambazi ukazidi. Mwaka 1982 wenzetu wa mpakani mwa Shinyanga na Tabora wakaanzisha Sungusungu, na ulinzi huo ukaenea hadi kwetu Singida. Yowe likipigwa kila mwanamume anatoka, nyayo zinafuatwa zikiwa bado mbichi. Wizi ulipungua. Mwaka 1989 Bunge likautambua ulinzi huo kisheria na kuupa uwezo wa kukamata.

Tumesema kukamata, hatukusema kuua. Mahali pengine ulinzi uliharibika. Watu walipigwa kwa kusingiziwa, na bibi vizee wakaitwa wachawi eti kwa kuwa macho yao ni mekundu. Macho hayo ni moshi wa jikoni wa miaka mingi, basi! Na tufikirie jambo jingine: maiti haitaji mnunuzi. Mwizi akikamatwa akiwa hai, tunaweza kumjua aliyemtuma, mwenye gari, na mchinjaji aliyepokea. Akiuawa, hao wote wanalala salama na mwakani wanamtuma mwingine.

LA PILI: UONGOZI. Wazee wengi bado wanakuja kwa Katibu wa Chama kudai barua, kugawiwa shamba na kuamuliwa ugomvi wa mipaka. Tunaelewa chanzo chake. Kwa Sheria ya Vijiji ya 1975, Mwenyekiti na Katibu wa tawi la Chama ndio waliokuwa Mwenyekiti na Katibu wa kijiji. Mambo hayo yamekwisha. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza wananchi. Karibu watu wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee, lakini wengi wao walitaka pia marekebisho, na wale wachache nao wakasikilizwa. Mwaka 1992 sheria ikaruhusu vyama vingi. Tangu hapo serikali ya kijiji ni ya wanakijiji wote, mwenye kadi yetu, mwenye kadi nyingine na asiye na kadi.

Kwa hiyo tunasema wazi: mtu asinyimwe huduma wala kulazimishwa lolote kwa sababu ya chama chake. Wachache wakisema mkutanoni, wasizomewe. Huenda wao ndio wameona shimo lililoko mbele.

Mmesema viongozi hawasomi mapato na matumizi. Viongozi nao wanasema mkiitwa hamji. Sasa nani aanze? Sisi tunaona aanze kiongozi. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kuwapo. Fedha zote zisomwe hapo, kisha zibandikwe ubaoni kwa maandishi makubwa. Mtu hawezi kuacha kilimo chake kwenda kusikiliza salamu tu. Lakini hesabu zikisomwa na bado hukuja, usinung'unike kilabuni.

LA TATU: HUDUMA. Bomba likikauka tunasema "Serikali haijaleta maji." Tangu 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, na uendeshaji uko kwa chombo cha watumia maji cha jamii yenyewe. Basi tuulize kwanza: fedha za kila ndoo ziko wapi, nani anazitunza, na mbona hakuna akiba ya kununulia kipuri? Hilo ni swali la mkutano, si la kunong'ona kisimani.

Kuhusu shule, elimu ilitangazwa kuwa bila ada kuanzia 2016. Mchango wa hiari tunaoukubali mkutanoni ni halali, lakini mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu baba yake hajachanga. Kuhusu matibabu, Sera ya Afya ya 2007 inasema wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi watibiwe bila malipo. Anayenyimwa aandike tarehe na alichoambiwa, alete kwa Mtendaji wa Kijiji. Malalamiko yasiyo na tarehe ni kama ng'ombe asiye na alama.

Ndugu wananchi, ndiyo faida ya kisomo. Sisi tulioshika kalamu ukubwani, katika madarasa ya watu wazima, hatukujifunza ili tuandike majina yetu tu. Tulijifunza ili tusome hesabu za kijiji na kuuliza.

Basi tukubaliane haya:
1. Zamu za ulinzi wa usiku zifufuliwe, na orodha ibandikwe hapa.
2. Mtuhumiwa afikishwe kwa Mtendaji na polisi akiwa hai, na mashahidi waende mahakamani.
3. Hesabu za kijiji, za maji na za ushirika zisomwe kila baada ya miezi mitatu.

Azimio la Arusha la 1967 lilitaja mambo manne ya maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Watu tupo na ardhi tunayo. Hayo mawili yaliyobaki hayaji kwa lori kutoka mjini, tutayatengeneza hapa hapa Mtinko.

 Kazi iendelee.