Jina la Tatu

Hapa Hombolo, Dodoma, kuna Chuo cha Serikali za Mitaa, wanakosomea watendaji wetu wa vijiji na kata. Leo nina neno nao, na neno lenyewe linahusu nafasi moja tu kwenye fomu: jina la tatu.

Siku hizi mtoto wa chini ya miaka 5 anaandikiwa cheti cha kuzaliwa cha RITA bure, ofisi ya kata au kituo cha afya. Jina la kwanza ni lake, la pili la baba. Likija la tatu, huyu anaandika la babu, yule la ukoo. Ndugu wa tumbo moja wanakua na majina ya mwisho mawili, na hakuna anayejali mpaka siku ya kuomba kitambulisho cha NIDA au mkopo wa chuo. Hapo ndipo familia inapoanza kutafuta wakili wa kuwaapisha.

Waswidi waliishi hivi hivi. Kwa karne nyingi mwana wa Anders aliitwa Andersson na binti yake Andersdotter, kama pwani walivyosema Asha binti Juma. Kizazi kikipita, jina nalo linapita. Jeshini ikawa tabu: ukiita Andersson wanaitika wangapi? Basi askari akapewa jina fupi: Modig, yaani jasiri, Sköld, ngao, Rask, mwepesi. Akiondoka, mara nyingi aliyeshika nafasi yake alilirithi pamoja na kibanda na shamba! Lakini wengine walistaafu nalo, na vitukuu wanalo hadi leo.

Mwaka 1901 serikali ikaamuru kila familia iwe na jina lisilobadilika. Leo akina Andersson ni zaidi ya 200,000, wakiwemo wanawake chungu nzima wanaoitwa, kwa maana yake, mtoto wa kiume wa Anders.

Tuje Ugogo. Mshairi Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Chamwino mwaka 1917 na kuandika historia na mila za Wagogo, alibeba jina lenye heshima yake. Wanyamphala kwa Kigogo ni wazee wenye kauli. Mnyapara wa Kiswahili, aliyeongoza wapagazi wa misafara ya karne ya 19, ni ndugu wa neno hilo. Sasa mwenye jina la namna hiyo apate mjukuu, karani achukue jina la ubatizo la babu: mtoto anabaki na Mathias, jina lililojaa kila parokia, na lile la Kigogo linaishia kaburini.

Amri kama ile ya 1901 siitaki. Nataka mtendaji, kabla kalamu haijagusa karatasi, amuulize mama: hili la tatu ni la babu au la ukoo, na mkubwa wake mlimwandikaje?

Waswidi wenyewe wamelegeza. Tangu Julai 2017, sheria yao mpya inamruhusu binti wa Anders kujiita tena Andersdotter.