Pikipiki, Sheria na Mwili wa Mtoto Wako

Leo tunazungumza kuhusu pikipiki. Najua kuna anayeuliza, muuguzi na sheria za barabarani wapi na wapi? Ngoja kidogo.

Asubuhi simama kando ya barabara kule Makongeni, Thika, au pale Kimbo upande wa Ruiru, uhesabu. Dereva yuko katikati, mtoto wa nasari amekalia tangi la mafuta, na watatu wako nyuma na mikoba yao. Tunaita mshikaki na tunacheka. Lakini kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki kinasema abiria ni mmoja tu. Hakisemi mtu mzima mmoja, wala hakisemi watoto watatu ni sawa na mtu mmoja. Mama aliye na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, hao ni watatu.

Tazama sasa mwili. Mtoto aliye kwenye tangi, pikipiki ikisimama ghafla, tumbo lake linagonga usukani. Ini na bandama zinaweza kupasuka ndani bila damu kuonekana nje. Yule wa mwisho nyuma, miguu yake haifiki pa kukanyagia, inaning'inia. Ikiingia kwenye spoki, ngozi ya kisigino huchanika hadi mfupani. Hilo ni jeraha la kufungwa bendeji wiki baada ya wiki, na shule imesimama. Kwa hivyo kipimo changu ni rahisi: mguu wa mtoto usipofika pa kukanyagia, bado hajafikia umri wa bodaboda. Akifika, avae viatu vya kufunika kisigino. Nawe mama, shuka na leso zikunjwe vizuri. Zikishikwa na gurudumu, zitakuvuta chini.

Tuje kwenye helmeti. Kifungu hicho hicho kinamtaka abiria avae helmeti na jaketi linalong'aa likimulikwa, na mwenye kukupa ni dereva. Akikupa ukakataa, kosa ni lako, na faini inaweza kufika shilingi 1,000. Najua mtaniambia, "Sista, nimesukwa jana," au, "Hiyo helmeti imevaliwa na mji mzima." Ni kweli, chawa na mashilingi vinaweza kuhama kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Funga kitambaa chepesi cha pamba ndani, ukifue kila siku, au ujinunulie helmeti yako. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa helmeti, msidanganyane. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi ulionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69, na ya kufa kwa asilimia 42. Lakini ufunge mkanda wa kidevu. Helmeti isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini. Mtoto naye anahitaji ya saizi yake. Ya baba itazunguka na kumfunika macho. Na mtoto mchanga? Shingo yake haiwezi kubeba helmeti yoyote. Huyo apande matatu, au mtembee.

Kuna akina mama wanaonunua pikipiki kwa pesa za chama, ya kijana wa nyumbani kufanyia kazi au skuta ndogo ya kwenda sokoni. Wengi huuliza kuhusu rodi laisensi, ile ya kulipiwa kila mwaka. Ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2006. Kodi ya barabara siku hizi unailipa ukinunua petroli, na tangu Julai 2024 ni shilingi 25 kwa kila lita. Mtu akikujia na stika ya rodi laisensi, huyo anataka kukuibia. Unachohitaji ni pikipiki iliyosajiliwa na NTSA kwa jina lako, leseni na bima. Skuta isiyozidi sisi 50 ni leseni ya A1, na umri ni kuanzia miaka 16. Bodaboda ni A3. Pikipiki ya umeme nayo husajiliwa, hata kama haina kelele.

Bima ndiyo ninayotaka muiulizie zaidi. Pikipiki yenye bima ya matumizi ya nyumbani ikibeba abiria wa kulipa, kampuni inaweza kukataa madai yako. Mtoto amevunjika paja, amelazwa, na hakuna wa kukulipa. Kabla hujapatana na mtu wa kumpeleka mtoto shuleni muhula mzima, mwambie kwa heshima, "Kijana wangu, nionyeshe leseni na bima yako." Aliye nazo hatakasirika. Andika nambari ya pikipiki, ile inayoanza na KM, uiweke nyumbani. Ajali ikitokea, ripoti polisi upewe abstrakti. Bila hiyo, kudai fidia ni vigumu sana.

Ajali yenyewe ikitokea, piga 999 au 112. Usimketishe majeruhi kati ya watu wawili kwenye pikipiki nyingine. Shingo iliyovunjika humalizwa hivyo. Kama anapumua vizuri, usimvue helmeti. Gandamiza panapotoka damu kwa kitambaa safi. Usimpe maji wala chai, maana huenda akahitaji upasuaji. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, kwa hivyo usikubali kurudishwa langoni kwa sababu ya pesa.

Mtoto aliyeanguka akaamka anacheka, mwangalie siku mbili. Akitapika tena na tena, akisinzia kuliko kawaida, akiumwa na kichwa kinachozidi, au mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, mpeleke hospitali hata kama ni saa nane usiku.

Na yule aliyechomwa mguu na ekzosi, maji safi ya bomba dakika 20. Dawa ya meno iacheni iwe ya meno.

Wiki ijayo, wakati kama huu, tutazungumza kuhusu jiko la makaa ndani ya chumba cha kulala.